Dirisha la Rachele

Milano, 9 Januari 2012

Mjomba Aniello, nibariki.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkazamjomba Mafalda. Huku ukungu haujainuka tangu Noeli. Binti yangu Livia amefaulu mitihani miwili na kushindwa mmoja, na huo alioshindwa ndio niliomfundisha mimi. Cheka tu. Vile vibiskuti vikavu vya pilipili na lozi mlivyotuma vilifika vimesagika, tukavila kwa kijiko.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simuni unasikia nusu, na nusu nyingine unaitunga.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua kwamba mwaka wa ishirini sasa nafundisha uongozi wa nyumba za mitindo ya anasa: nani anaamua, anaamuaje, na kwa nini ngozi ya ndama mmoja itoe mkoba wa kawaida hapa, na pale itoe mkoba ambao watu wanaupangia foleni. Sasa naandika kitabu juu ya nyumba ya Treschi. Komendatore Rodolfo Treschi, bwana wenu wa zamani, ameshakufa, lakini wanawe wamenifungulia ghala lao la nyaraka, jambo ambalo hawajawahi kumfanyia mtu. Kitabu kikiwapendeza, watakipa chuo chetu nafasi ya uprofesa yenye jina lao, na nafasi hiyo ni yangu. Natakiwa kukabidhi tarehe 31 Mei.

Sura ya nne inahusu siri. Treschi hakuwahi kuibiwa modeli, yaani mkoba wa mfano, kabla ya maonyesho, hata mara moja, na wewe ulikuwa mkuu wa mafundi wake huko mtaani Sanità. Nieleze mlifanyaje.

Na la pili, ambalo si la kitabu. Ndani ya daftari la mafundi wa majumbani nimekuta jina la mama. “Rachele Capasso, kukunja kingo na kubandika bitana.” Jina limekatwa kwa mstari tarehe 11 Januari 1972, na pembeni mtu ameandika neno moja: miguu.

Mama alikufa Aprili ya mwaka huohuo, mimi nikiwa na miaka mitano. Mliniambia ni moyo. Uliyeniambia ni wewe, jikoni kwako, umenipakata. Mjomba, miguu ya mama ilikuwa na nini?

Mpwa wako,
Ersilia


Napoli, 2 Februari 2012

Mwanangu Ersilia,

Mungu akubariki, na mtakatifu wetu San Vincenzo naye, akipata nafasi, maana hapa mtaani kwetu anaombwa mambo mengi. Sisi wazima. Mafalda ana kikohozi. Anasema nimempa mimi kwa sababu nalala na madirisha wazi, yote sita, katikati ya baridi. Namwambia damu yangu ni ya moto, mimi ni mwanamume wa miaka themanini, si kama hao vijana wenu wanaolala na soksi. Ananiita kichaa. Mimi namwita mfereji unaokoroma. Ndivyo tunavyopendana.

Umesema nasikia nusu. Sawa. Lakini kusoma nasoma kote. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na la tatu nililirudia mara mbili, kwa hiyo hilo nalijua kuliko profesa yeyote wa Milano.

Sasa sikia, uandike vizuri. Mkataji wa ngozi kama mimi hajazaliwa tena. Nilikuwa nikifumba macho naigusa ngozi ya ndama na kukuambia alizoea kulalia ubavu upi. Mikoba ile waliyopiga nayo picha waigizaji, nani aliikata? Komendatore? Komendatore hajui kisu kinashikwa wapi. Unawafundisha watu kuwa mabosi? Waambie wanafunzi wako bosi ni mtu aliye na Aniello Capasso. Asiye na Aniello Capasso ana koti tu.

Kuhusu siri. Kila msimu alikuja mtu kutoka Milano, amebeba modeli ndani ya foronya ya mto kama mwizi wa kuku. Mbele yetu, ng'ambo ya kichochoro, walikaa wale ndugu wawili wa Ascione, wezi wa macho. Wakiona pembe tu ya mkoba ukipita, Jumamosi mkoba huo unauzwa sokoni Forcella, umetandazwa juu ya shuka. Mwaka 1969 Komendatore akaja mwenyewe, na koti la manyoya ya ngamia, akaruka madimbwi ya mtaa wetu kama bibi harusi. Akanishika bega mbele ya watu wote. Akasema, “Capasso, mlango wangu ni wewe.”

Basi mlango nikaufunga. Nikachukua mbao za masanduku ya chewa wakavu, nikapigilia madirisha ya vyumba vyote vya chini ambamo wanawake walifanya kazi ya Treschi. Vyumba kumi na kimoja, na mikono yangu hii. Milango nayo ifungwe tangu asubuhi mpaka kazi ikabidhiwe. Misimu saba. Hakuna modeli hata moja iliyotoka. Ascione mkubwa alikonda. Weka hayo kitabuni na jina langu, Capasso, s mbili.

Kuhusu dada yangu: moyo. Andika moyo. Miguu kila mtu anayo.

Mafalda anakubusu. Mwambie Livia asome.

Mjomba wako,
Aniello


Milano, 20 Februari 2012

Mjomba, nibariki.

Pole kwa mkazamjomba. Nimetuma asali na ile dawa ya majani anayoipenda, usiinywe wewe. Livia amerudia ule mtihani bila mimi, akafaulu.

Maneno yako nimeyaweka kwenye sura ya nne, yote, hata masanduku ya chewa. Juma lililopita niliisoma mbele ya wana wa Treschi. Yule mkubwa akapiga meza kwa kiganja, akasema, “Hii ndiyo roho ya nyumba yetu! Mzee huyu ni kiongozi kuliko sisi.” Nimekuandikia hivyo ufurahi. Wakanipigia makofi. Nilipanda tramu nikiwa na furaha mpaka kituo cha tatu.

Kituo cha tatu nikaanza kuunganisha. Bitana hubandikwa kwa gundi. Nimetafuta ripoti za madaktari wa miaka ile juu ya wanawake waliofanya kazi za gundi majumbani. Kwanza vidole vya miguu vinakufa ganzi. Kisha viatu vinachomoka mguuni na mtu hana habari. Kisha magoti. Kisha anabebwa. Na kitu cha kwanza ambacho madaktari waliagiza, kabla ya dawa yoyote, ni dirisha lifunguliwe.

Nakuuliza swali moja tu, Mjomba. Vyumba vilikuwa kumi na kimoja. Cha mama kilikuwa kimoja kati yao?

Ersilia


Napoli, 25 Machi 2012

Ersilia,

Mungu akubariki. Nimechelewa kwa sababu kalamu ilivuja, halafu posta walikuwa na mgomo, halafu Mafalda ameanza kuloweka ngano ya mkate wa Pasaka na meza yote ni yake. Kikohozi kimepungua. Asali nimeila mimi.

Nimeisoma barua yako. Sasa nijibu na mimi swali moja. Baba yako alipokwenda Ubelgiji akasahau njia ya kurudi, nani alikuchukua na kukupa jina la Capasso? Nani alikununulia viatu vya komunio, vyeupe, vya kweli, si vya kuazima? Nani alikata ngozi usiku na mchana ili uende shule ya watawa, halafu chuo, halafu Milano, ukajifunze kuniuliza maswali? Nilikuambia moyo, basi ni moyo. Daktari aliandika moyo. Mimi sikuandika. Unamwamini daktari wa kwenye ripoti, huyu wa kwetu humwamini?

Watu wote wa mtaa huu walitumia gundi. Mimi nimeinusa miaka arobaini. Nitazame. Napanda ngazi za ghorofa nne na gunia la viazi, Mafalda nyuma analia kwa wivu.

Ninyi watu wa vitabu mnapenda kufukua. Mtu akishazikwa mwacheni.

Ila nikuambie kitu, kwa kuwa karatasi bado ina nafasi. Unaijua ile saa baada ya chakula, jua limesimama, watu wamelala, kichochoro hakuna hata paka. Bibi yako alikuwa anatukataza kutoka saa hiyo, akisema ni zamu ya wale wengine kutembea. Mimi sikuwahi kuogopa. Utoto wangu wote hapa Sanità tulicheza kwenye machimbo yaliyojaa mafuvu ya watu, nikayavisha kofia. Lakini tangu barua yako ya Januari saa hiyo silali. Harufu inaingia. Tamu, kama matunda yaliyokaa kwenye petroli. Mafalda anainua pua, anasema hasikii kitu ila vitunguu. Nikaenda nikafungua madirisha yote sita mpaka mwisho, harufu ikazidi. Nilikuwa nadhani naitoa. Kumbe namfungulia.

Anakaa kwenye kiti kile cha karibu na jiko. Haniangalii. Anaangalia miguu yake kama mtu anayejaribu kukumbuka ni ya nani.

Usiyasome hayo niliyoandika hapo juu. Karatasi ni moja tu, siwezi kuitupa.

Pasaka njema.

Aniello


Milano, 10 Aprili 2012

Mjomba, nibariki.

Pasaka ilipita salama. Mkate wa ngano ulifika mzima safari hii; mshukuru mkazamjomba.

Umeandika kurasa mbili, na nilipouliza hukujibu. Hujasema hapana. Wewe ukiwa na hapana huisema kwa sauti, na mtaa mzima unasikia.

Sura ya nne ipo mezani kwangu na maneno yako ndani yake. Nitaikabidhi tarehe 31 Mei kama ilivyo, wapige makofi tena, wanafunzi waisome miaka na miaka: jinsi mwanamume mmoja wa Napoli alivyozilinda siri za nyumba kwa mbao za masanduku. Au hutaniacha nifanye hivyo. Kuna mtu mmoja tu duniani anayejua, na ni wewe.

Nasubiri.

Ersilia


Milano, 22 Mei 2012

Mjomba,

Majuma sita. Mkazamjomba ananiambia simuni kwamba u mzima, unakula, na kwamba kila siku unakaa mezani na karatasi mpaka chakula kinapoa.

Zimebaki siku tisa.

Ersilia


Napoli, 26 Mei 2012

Mwanangu Ersilia,

Mungu akubariki. Mafalda mzima. Mimi mzima. Joto limeanza. Hii naituma kwa haraka, yule binti wa posta kaniapia itafika kabla ya tarehe yako, nimemwambia isipofika nitahamia kwake.

Nimeanza barua hii mara nane. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri sana, mimi sikuwa na kosa hata moja ndani yake.

Chumba cha mama yako kilikuwa cha kwanza. Sikukipigilia mbao kama vingine. Nilikipigilia kuliko vingine, mbao mbili mbili, kwa sababu alikuwa dada yangu, na sikutaka watu waseme Capasso anawafungia wake za wenzake, wa kwake anamwachia upepo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Mkoba mgumu kuliko yote ulikwenda kwake, maana alikuwa na mkono mwepesi, alikunja ukingo bila kuacha kovu. Makopo ya gundi nilimpelekea mimi mwenyewe.

Oktoba ya 1971 akaniambia, “Aniè, toa ubao mmoja. Wa juu tu. Kichwa kinaniuma.” Nikatoka nje nikasimama, nikapima kwa jicho. Ubao wa juu ndio hasa uliotazamana na roshani ya Ascione. Nikarudi nikamwambia, “Tukishakabidhi, Rachè.” Tukakabidhi. Maonyesho yakapendwa, zikaagizwa nyingine mara tatu. Nikamwambia, “Tukishakabidhi hizi.”

Novemba tulikwenda misa. Njiani kiatu chake kimoja kilichomoka, akaendelea kutembea na soksi kwenye mawe ya baridi, hatua ishirini, hana habari. Mimi nilicheka. Nikamwita mlevi. Watu wakacheka nami. Naye akacheka, halafu akakaa kwenye ngazi za kanisa akakishika kile kiatu kwa muda mrefu.

Januari akaja yule mtu wa Milano na foronya yake. Akamwona dada yangu akijivuta kwa kushika meza. Akaandika neno kwenye daftari, hilo ulilolikuta. Akaniuliza, “Capasso, kazi itakwisha kwa wakati?” Nikasema itakwisha. Hakuniuliza mara ya pili, na mimi sikungoja aniulize.

Kwa hiyo usiseme Treschi, Treschi. Jina lake wao walilikata. Kazi haikukatwa. Nilimpelekea kwa jina langu mpaka mwisho, kwa sababu alitaka, kwa sababu wewe ulikuwa unakula, na kwa sababu hakuna mwingine aliyekunja kama yeye. Weka sababu hizo kwa utaratibu unaoupenda. Mimi nimezigeuzageuza miaka arobaini, hazikai vizuri.

Daktari aliandika moyo kwa kuwa moyo ulisimama. Moyo wa kila mtu husimama.

Mbao nilizing'oa siku tuliyomtoa. Mwanga ulipoingia nikaona mkoba mezani kwake, umekunjwa pande tatu. Nikakaa. Nikaukunja upande wa nne. Ulitakiwa Jumatatu.

Hilo sijamwambia hata padri. Fanya unavyotaka na sura yako.

Aniello


Milano, 18 Juni 2012

Kwa Aniello Capasso,

Livia mzima. Mimi nafanya kazi.

Barua ilifika tarehe 30. Tarehe 31 nilikwenda kwa wana wa Treschi, nikawaambia sura ya nne naitoa, na mahali pake naweka nyingine, kuhusu daftari, kuhusu neno lililoandikwa pembeni na mtu wao. Yule aliyepiga meza kwa kiganja safari hii hakupiga kitu. Kesho yake ghala la nyaraka lilifungwa kwa matengenezo. Nafasi ya uprofesa itakwenda chuo kingine. Mkuu wangu ameniambia ninahitaji mapumziko. Nikamjibu mapumziko ningeyaomba mimi mwenyewe.

Nimewafundisha watu miaka ishirini kwamba kiongozi wa nyumba ya anasa ni yule anayeamua nini kionekane na nini kifichwe. Nilikuwa naandika hivyo ubaoni, wananakili. Hakuna mwanafunzi aliyeniuliza nani anakaa upande wa ndani, na mimi sikuwahi kujiuliza.

Sikuombi baraka leo. Usiniandikie kwamba umejuta. Hilo lijadilini wewe na huyo anayekuja kukaa karibu na jiko. Ulipigilia vyumba kumi na kimoja. Cha mama nimekijua. Nataka majina ya wanawake wa vile kumi, nani kafa na nani anaishi. Usinitumie ya kukumbuka tu. Nenda ukagonge.

Ersilia Capasso


Napoli, 30 Julai 2012

Ersilia,

Baraka nakupa hata usipoomba, hiyo ni yangu, nampa nimtakaye. Mafalda mzima, ameacha kukohoa, au amechoka kukohoa mbele ya mtu asiyejali. Joto linaua. Nakuandikia nimevaa fulana.

Nimekwenda. Kwa miguu, vichochoro vyote, na hizi themanini zangu. Majuma matatu. Karatasi ya majina nimeiweka ndani, nimeandika kwa herufi kubwa. Sita wamekufa. Wawili watoto wao waliwahamishia mbali, nimeandika wapi. Mmoja, Assuntina Russolillo, bado yupo; mwanawe alinifungulia mlango, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akanitemea mate. Mimi Aniello Capasso. Nikatoa leso nikajifuta, nikamuuliza jina la mama yake linaandikwaje. Akaniandikia.

Wa kumi ni Titina Scognamiglio, aliyekaa mlango wa pili kutoka kwa mama yako. Ana miaka sabini na tisa, yuko kwenye kiti cha magurudumu, mwenye sauti kama tarumbeta ya sherehe. Nilimkuta amekaa mlangoni anamenya maharagwe.

“Wewe bado hujafa?” akasema.

“Bado.”

“Nilimwomba San Vincenzo mambo mawili tu katika maisha yangu. Kumbe hili kalisahau.”

Nikamwambia nimekuja kuandika jina lake. Akacheka mpaka maharagwe yakamwagika, nikainama nikayaokota, yote, naye ananitazama. Akasema yeye aliokolewa na ulevi wa mumewe: siku moja Titina alimfungia nje, na huyo mume akapita dirishani na ubao wangu begani kama Bwana Yesu na msalaba, na tangu siku hiyo hapakuwa na ubao. “Miguu ilikuwa imeshakwenda,” akasema, “lakini mimi nilibaki.”

Nikamuuliza kama alijua. Akasema, “Sote tulijua, Aniè. Unadhani pua zetu ulizipigilia mbao pia? Tulijua, hatukuambiana. Ungemwambia nani? Wewe?”

Kisha akauliza, “Yule mtoto wa Rachele yuko wapi?” Nikasema Milano, ni profesa. Akaniambia niketi chini, kwenye ngazi, si kwenye kiti, niandike atakavyosema na nisiongeze langu. Basi haya ni ya Titina.

Anasema majira yale ya baridi mama yako alikuwa anakutoa nje kila asubuhi na kufunga mlango. Hata mvua ikinyesha. Wewe ulikuwa unaupiga ule mlango kwa ngumi mbili, unalia, unamtukana kwa matusi makubwa uliyoyaokota kichochoroni, na watu wakipita wanasema Rachele ni mama gani huyu, mtoto anatota, yeye amejifungia na mikoba ya mabwana. Titina naye alisema hivyo. Siku moja hasira zikamjaa, akaenda amgombeze. Akausukuma mlango. Ukafunguka upana wa kidole, ukakwama. Rachele alikuwa amekaa sakafuni upande wa ndani, ameuegemea kwa mgongo, mkoba magotini, anakunja ukingo. Alikuwa hawezi tena kusimama kuushikilia, kwa hiyo aliushikilia kwa uzito wake.

Titina akamwambia, “Mfungulie mtoto, huna huruma?”

Akajibiwa kwa ule upenyo, “Titì, mpeleke kwenye uwanja wa kanisa, mchezeshe, mpe chochote. Akiingia humu atavuta pumzi.”

Titina akakushika mkono. Anasema ulimng'ata. Alikuchukua siku hiyo na siku zote zilizofuata mpaka Aprili, na kila siku ulikuwa ukitoroka na kurudi kuupiga mlango. Akamuuliza Rachele anawezaje kuvumilia. Naye akasema ngumi zako anazisikia zote, moja moja, mgongoni, na kwamba chini ya hapo alikuwa hasikii tena kitu.

Aniello